Seva ya nyumbani imegoma: soma dalili kabla ya kuizima

"Haifunguki." Hilo ndilo neno utakaloletewa na watu wa nyumbani kila kitu kinapokwama, na halikwambii chochote. Haifunguki kwenye simu tu, au hata kwenye kompyuta? Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, au ukiwa nje kwa data ya simu? Inakataa papo hapo, au inazunguka nusu dakika ndipo ikate? Uliza haya matatu kabla hujapiga amri yoyote. Kila jibu linakuepusha na saa nzima ya kuhangaika na faili ambalo halina kosa.

Na usiizime. Najua mkono unakuwasha. Kuzima na kuwasha mara nyingi huponya, na ubaya wake uko hapo hapo: seva inaamka, ushahidi umekwenda na maji, na baada ya siku chache ugonjwa uleule umerudi nawe hujui zaidi ya ulivyojua mwanzo. Piga kwanza amri hizi, uhifadhi majibu yake mahali:

```
uptime
df -h
free -h
docker ps -a
journalctl -p err -b
```

`uptime` itakuonyesha kama seva ilijiwasha upya usiku bila wewe kujua. `docker ps -a` itakutajia kontena (programu iliyofungiwa kwenye sanduku lake na Docker) lililokufa, au linaloandikwa "Restarting", yaani linakufa na kufufuka kila baada ya sekunde chache; ukilichungulia wakati limefufuka utadhani ni zima. Ikibidi uwashe upya, angalia kwanza kama saraka ya `/var/log/journal` ipo. Isipokuwepo, mara nyingi logi zinakaa kwenye RAM tu, na ukija kupiga `journalctl -b -1` kutaka kujua yaliyotokea kabla ya kuwasha, hutakuta kitu.

## Inakataa papo hapo, au inasubiri?

Tofauti hii ndogo ina habari nyingi kuliko ujumbe wowote wa hitilafu.

Ikikataa papo hapo kwa "Connection refused", ombi lako kwa kawaida limefika kwenye mashine na mashine imejibu kwamba kwenye poti hiyo (mlango wenye namba wa programu) hakuna anayesikiliza. Mtandao ni mzima. Programu ndiyo haijaamka, au inasikiliza mahali pengine. Ikizunguka mpaka muda uishe, kuna anayemeza pakiti njiani: ukuta wa moto, ruta, au anwani ya IP isiyo yake. Ukiona 502, furahi kidogo, maana proksi yako (programu ya mbele inayopokea maombi na kuyapeleka kwa nyingine) imeamka na kinachokosekana ni programu iliyo nyuma yake. Ukiona 504, mara nyingi hata programu imepatikana, ila imechelewa kujibu.

Kwa kundi la kwanza, tazama nani anasikiliza wapi:

```
sudo ss -tlnp
```

Soma safu ya anwani kwa makini. `0.0.0.0:8080` maana yake programu inapokea wageni kutoka kila upande. `127.0.0.1:8080` maana yake inaongea na mashine yake yenyewe tu. Ndiyo sababu `curl` ikipigwa ndani ya seva inajibu vizuri, lakini simu iliyo mita mbili pembeni inakataliwa.

Hiyo `127.0.0.1` ina mtego mwingine, na huu umenila usiku zaidi ya mmoja. Ukiiweka proksi ndani ya kontena kisha ukaiambia programu ipo `localhost:8080`, utapata 502 mpaka kuche. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena hilohilo, wala si seva yako na wala si kontena la jirani. Yaweke makontena yote mawili kwenye mtandao mmoja wa Docker, kisha uite jirani kwa jina lake kama lilivyo kwenye faili la compose, linaloorodhesha makontena yako, kwa mfano `http://nextcloud:80`. Angalia pia poti: hapo unatumia poti ya ndani ya kontena. Ukiwa umeandika `8080:80`, yaani poti ya seva kisha ya ndani ya kontena, jirani anaijua 80 peke yake.

Kuna na kinyume chake, yaani kitu kinachofunguka wakati hukutaka kifunguke. Ukifunga poti kwa `ufw`, ukuta wa moto wa Linux, halafu kontena likaendelea kupatikana kama kawaida, hujakosea kuandika. Docker huweka kanuni zake yenyewe za iptables (kichuja pakiti cha Linux), na trafiki ya poti ulizozitangaza haipiti pale `ufw` inapokagua. Andika `127.0.0.1:8080:80` badala ya `8080:80`, na proksi iliyo kwenye seva hiyohiyo ndiyo itakayobaki na njia ya kuingia.

## Ndani iko sawa, nje haipatikani

Jaribu kwa simu iliyozimwa Wi-Fi. Kujaribu anwani ya nje ukiwa ndani ya nyumba hakuthibitishi kitu, na nitaeleza kwa nini hapo chini.

Kabla hujagusa kanuni za kupitisha poti, zinazoiambia ruta ipeleke maombi ya nje kwa seva, fungua ukurasa wa ruta utazame anwani yake ya IP ya upande wa intaneti. Kisha kutoka kwenye seva:

```
curl -4 https://ifconfig.me
```

Zikifanana, vizuri, endelea. Zikitofautiana, kanuni zote utakazoandika kwenye ruta hiyo hazitoshi. Kama ruta inaonyesha anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT: mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na eneo hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikionyesha 192.168 au 10, huenda ni CGNAT vilevile, au kuna ruta mbili zilizofuatana, modemu ya mtoa huduma na ruta yako, na ya kwanza ndiyo inayofunga mlango.

Kwa ruta mbili, iweke modemu katika hali ya daraja, au pitisha poti kwenye zote mbili. Kwa CGNAT una njia nne: omba anwani yako mwenyewe, tumia IPv6 (anwani za kizazi kipya) kama unayo, kodi seva ndogo nje na uunganishe kwa WireGuard (programu ya VPN), au tumia huduma kama Tailscale au Cloudflare Tunnel. Ukiniuliza mimi, kama watumiaji ni watu wa familia tu, weka VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani, usahau habari za kufungua poti. Kitu ambacho hakionekani kwenye intaneti hakipigwi hodi usiku kucha na maroboti.

Anwani zikifanana na bado haipatikani, usianze kuhariri nginx, yaani proksi. Sikiliza kwanza mlangoni:

```
sudo tcpdump -ni any port 443
```

Acha dirisha hilo wazi, chukua simu, zima Wi-Fi, fungua ukurasa. Mistari ikianza kushuka, pakiti zinafika na kosa liko ndani ya seva. Dirisha likikaa kimya, pakiti hazijafika kabisa, na hakuna faili ndani ya seva litakalokusaidia. Hapo washukiwa ni wachache: mtoa huduma amefunga poti, au jina linaelekeza kwenye anwani ya zamani, au ruta inapitisha poti kwa anwani ambayo seva haina tena. Hili la mwisho ndilo ninalolikuta mara nyingi. Ruta iliwashwa upya, DHCP, mgawaji wa anwani, ikaipa seva anwani mpya, kanuni ikabaki ikielekeza kwa runinga. Itengee seva anwani ya kudumu kwenye ruta na hutaliona tena.

Kwa upande wa jina, uliza rekodi zote mbili, A ya anwani ya IPv4 na AAAA ya IPv6:

```
dig +short A picha.mfano.com
dig +short AAAA picha.mfano.com
```

Rekodi ya AAAA ndiyo husahaulika. Programu inayosasisha anwani mara nyingi imewekewa IPv4 peke yake, huku AAAA ya miezi iliyopita ikiwa bado imekaa palepale. Matokeo yake ni malalamiko ya ajabu: kwa wengine inafunguka, kwa wengine haifunguki, na mtu yuleyule akibadili mtandao inafunguka. Kama hutumii IPv6, futa AAAA.

Ikiwa ni kinyume, nje inafunguka na ndani haifunguki kwa jina lilelile, ruta yako haiwezi kurudisha ndani pakiti iliyolenga anwani yake yenyewe ya nje. Hii ndiyo sababu ya kukwambia uzime Wi-Fi. Dawa ni kuiambia DNS ya nyumbani, inayogeuza majina kuwa anwani, kwamba jina hilo, kwa walio ndani, ni anwani ya ndani ya seva.

## Kivinjari kinalalamikia cheti

Vyeti vya kawaida vya HTTPS kutoka Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, hudumu siku 90, kwa hiyo hili hutokea wakati umeshasahau ulichokifanya. Tazama kwanza cheti kinachotolewa hasa:

```
openssl s_client -connect picha.mfano.com:443 -servername picha.mfano.com </dev/null | openssl x509 -noout -dates
```

Tarehe ikiwa imepita huku faili lililo kwenye diski ni jipya, cheti kilihuishwa ila proksi haikuambiwa. `nginx -s reload`, kisha weka amri hiyo ijiendeshe kila cheti kinapohuishwa. Na faili likiwa limekufa pia, uhuishaji wenyewe umeshindwa, na sababu niliyoizoea ni poti 80: ilifunguliwa siku ya kwanza, baadaye mtu akaifunga "kwa usalama" asijue kwamba uthibitisho wa HTTP unapita hapo. Ifungue, au uhamie uthibitisho wa DNS, ambao hauhitaji poti yoyote.

Usibonyeze tena na tena kwa hasira. Let's Encrypt hutoa vyeti 5 tu vya majina yaleyale ndani ya siku 7, ukivimaliza, utasubiri. Fanyia majaribio kwenye mazingira yao ya majaribio. Jua pia kwamba barua pepe za kukumbusha cheti kinakaribia kuisha waliziacha mwaka 2025, kwa hiyo kama ulikuwa unategemea hizo, tafuta mlinzi mwingine.

Na saa. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, haina saa inayotembea bila umeme. Ikiwaka bila mtandao inaweza kuamini kwamba bado ni juzi, na cheti kizima kikaonekana hakijaanza kutumika. `timedatectl` itakuambia. Kuna duara moja la kuchekesha, ukishalitatua: seva inatumia DNS iliyoko ndani yake yenyewe, DNS hiyo inakagua DNSSEC (sahihi za majina), saa ikiwa mbaya ukaguzi unashindwa, na ukaguzi ukishindwa jina la seva ya saa halipatikani ili saa irekebishwe. Iwekee seva ya saa kwa namba ya IP.

## Programu inafunguka, data haipo

Dadangu aliniandikia asubuhi moja: "Kaka, picha za mtoto ziko wapi?" Hakusema haifunguki. Ilifunguka vizuri tu, tena ikamkaribisha kama mgeni na kumtaka afungue akaunti ya msimamizi. Miaka minne ya picha, na skrini inauliza jina langu nani.

Umeme ulikuwa umekatika usiku na kurudi. Makontena yote yalikuwa hai, logi hazina kosa hata moja. Kilichonifumbua macho ni amri hii:

```
findmnt /mnt/data
```

Haikujibu kitu. `lsblk` ikanionyesha diski ya nje ipo, imechomekwa, lakini haijapachikwa popote, yaani haijaunganishwa na saraka yoyote. Ilichelewa kuamka, mimi nilikuwa nimeweka `nofail` kwenye fstab, orodha ya diski za kupachika, na mfumo ukafanya nilichouomba, ukaendelea bila diski. Docker akaikuta `/mnt/data` ni saraka tupu ya kawaida, akatengeneza ndani yake zilizokosekana, programu ikaona hifadhidata haipo ikaanza maisha mapya. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi.

Dawa ilikuwa mistari miwili: `docker compose down`, kisha `sudo mount /mnt/data`. Nikawasha, picha zote zikarudi. Hatari ilikuwa kwenye yale ambayo ningeweza kuyafanya kwa kiherehere: kufungua akaunti mpya, kuanza kurejesha nakala rudufu, kuziacha simu zianze kupandisha picha upya. Baada ya siku mbili ningekuwa na data mbili zisizoafikiana, na moja imefunikwa na nyingine.

Imefunikwa kweli kweli. Ukipachika diski juu ya saraka yenye mafaili, mafaili yale yanabaki chini yake, hayaonekani na yanakula nafasi ya diski ya mfumo. `df` inasema imejaa, `du` haipati kitu. Kuyafikia:

```
sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo ls /mnt/chini/mnt/data
```

Kuzuia lisijirudie, nilifanya mawili. Diski ikiwa haijapachikwa, nilipiga `sudo chattr +i /mnt/data`. Saraka tupu ikawa haiandikiki hata kwa root, kwa hiyo kontena likikosa diski linashindwa kwa kelele badala ya kuanza upya kimyakimya. Halafu kwa `sudo systemctl edit docker` nikaongeza:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/data
```

Sasa Docker haiamki kabla ya diski. Usiiondoe `nofail` kwa hasira kama nilivyotaka kufanya. Bila hiyo, diski ikikosekana mashine inaweza kusimama kwenye hali ya dharura ikisubiri kibodi na skrini, na huenda wewe uko mbali.

## Inakufa yenyewe

Kontena likitoka na namba 137, liliuawa kwa ishara namba 9, kwani 128 na 9 ni 137. Mshukiwa wa kwanza ni RAM kuisha, na kerneli, kiini cha mfumo, ikamtoa mtu kafara:

```
sudo dmesg -T | grep -i "killed process"
```

Usimlaumu aliyeuawa, huenda si yeye aliyekuwa mlafi. Angalia `docker stats` uone nani anavimba. Lakini 137 hutokea pia pale `docker stop` inapochoka kusubiri, ambayo kwa kawaida ni sekunde 10, kwa hiyo usiapie RAM kabla ya kuona mstari huo wa kerneli.

Mashine nzima ikizimika au diski ya USB ikijitoa, na ni Raspberry Pi, shuku umeme kabla ya programu:

```
vcgencmd get_throttled
```

`0x0` ni salama. `0x50000` maana yake volti zilishuka wakati fulani tangu iwashwe, na `0x50005` maana yake zimeshuka hata sasa hivi. Chaja ya simu, hata ikiwa nzuri, si lazima itoshe: Pi 4 inataka volti 5 kwa ampea 3, na Pi 5 ampea 5 kwa volti zilezile. Kebo nyembamba pia inakula volti njiani.

Diski iliyojaa ina uso wa namna nyingi: hifadhidata inagoma, kuingia kunashindwa, kurasa zinatoka nusu. `df -h` ikiwa na nafasi, jaribu `df -i`, maana idadi ya mafaili ina kikomo chake. Ukiwa umefuta faili kubwa na nafasi haijarudi, kuna mchakato bado umelishika. `sudo lsof +L1` itamtaja. Mlaji wa kimyakimya ni logi za makontena: kwa mpangilio wa awali wa Docker hazina kikomo. Weka `max-size` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, uiwashe Docker upya, kisha uyaunde makontena upya, kwa sababu yaliyopo yanaendelea na kanuni ya zamani.

## Baada ya kusasisha

Ukitumia lebo ya `latest` kwa hifadhidata ya PostgreSQL, siku moja itakuvusha toleo kubwa bila kukuuliza, na logi itasema data iliundwa na toleo lingine na haipatani na hili. Data yako ni nzima. Usifute saraka ile, hata kama umesoma mahali kwamba "ukiifuta inawaka". Itawaka, ikiwa tupu. Rudisha lebo ya namba ya zamani, washa, toa kila kitu kwa `pg_dumpall`, kisha ulirejeshe faili hilo kwenye toleo jipya lenye saraka mpya. Baada ya hapo andika namba ya toleo kwenye compose na uisasishe wewe mwenyewe, mchana, ukiwa umeshiba usingizi.

## Mengine ya haraka

"Permission denied" ndani ya kontena: linganisha namba, majina hayana maana hapo. `ls -ln` kwenye seva, `docker exec jina id` ndani. Zikitofautiana, tumia `chown` kwa namba. `chmod 777` ni kuacha mlango wazi kwa sababu umesahau ufunguo.

Picha zinapanda, video zinakataa kwa 413: nginx huruhusu MB 1 tu usipoongeza `client_max_body_size`. Ukiwa unapitia Cloudflare kwa mpango wa bure, kuna kikomo cha MB 100 ambacho seva yako haiwezi kukibadili.

Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili) inasema jina haliaminiki: liongeze kwenye `trusted_domains` ndani ya `config.php`.

Nyumba nzima haina intaneti, kumbe intaneti ipo: seva ya DNS ya nyumbani ndiyo imelala. Kama inakataa kuamka kwa sababu poti 53 imeshikwa, tazama `systemd-resolved`.

Kila kitu kizito, faili moja linachukua dakika kufunguka, na `dmesg` imejaa "I/O error": piga `sudo smartctl -a /dev/sda`, utafute `Current_Pending_Sector`, idadi ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka. Ikiwa si sifuri, usipige `fsck`, amri ya kukarabati mfumo wa mafaili, maana itailazimisha diski mgonjwa kuandika. Simamisha makontena, tafuta diski nyingine yenye nafasi, na uinakili ile nzima kwa `ddrescue` kabla hujajaribu jambo lingine lolote.